Baiti 512 kwa safari: hesabu ya kuwasha kompyuta kuukuu kwa mtandao Kabonga

Ili kompyuta isiyo na diski ianze kuendesha Linux, lazima ivute kwa waya mzigo wa takriban megabaiti 50: kerneli yenyewe, tuseme 8, na initrd, furushi la viendeshi na zana za mwanzo, tuseme 42. Mashine ni ileile, lakini mzigo huo unaweza kufika kwa sekunde 4, kwa dakika moja na nusu, kwa dakika 13, au usifike kabisa. Aliyeketi mbele ya skrini haoni tofauti hiyo imetoka wapi. Anachokiona ni mashine ya mwaka 2005 iliyoganda, na hukumu iliyo karibu ni kwamba imezeeka, itupwe.

Nakusudia kuitetea mashine hiyo kwa kalamu na karatasi. Makosa mengi ya kuwasha kwa mtandao ni makosa ya hesabu: muda usiotosha, faili lililopita kimo, njia nyembamba kuliko mzigo. Yote hayo hupimika kabla ya kutoa hata faranga moja.

Kabonga iko kusini kabisa mwa Burundi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika eneo la Nyanza-Lac. Ukivuka mpaka tu uko Kagunga, Tanzania. Bujumbura ni zaidi ya kilomita 120 kwa barabara ya RN3 ipitayo Rumonge, na Kigoma watu huiendea kwa boti. Kwa hiyo kadi ya mtandao au kipande cha RAM si kitu cha kutuma mtoto dukani akilete. Umeme nao ni haba: kwa Burundi nzima, aliyeunganishwa ni kama mtu mmoja kati ya kumi.

Tuweke basi chumba kimoja cha mafunzo hapo Kabonga, chenye mashine 20 na seva moja. Ni chumba cha kufanyia hesabu tu. Mwenye chumba cha kweli aingize namba zake aone zinavyosogea. Kwa kuwa tuko mpakani, mashine zitakuwa za pande mbili: zilizopitia Bujumbura zina kibodi za Kifaransa na plagi za pini za mviringo, zilizopitia Kigoma zina kibodi za Kiingereza na plagi za pini tatu bapa. Adapta za plagi ziingie kwenye bajeti mapema. Kibodi nitairudia, maana ina kesi yake.

Kwa nini tusiweke tu diski? Kwa sababu diski ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufa katika kompyuta kuukuu, na diski 20 ni mifumo 20 ya kusakinisha, kusasisha na kusafisha. Kwa mtandao unatunza mfumo mmoja, wa seva. Ukiurekebisha leo, kesho mashine zote zimerekebishika. Ndiyo fikra ya mradi wa LTSP ulioanzishwa na Jim McQuillan mwaka 1999, na ndiyo iliyobeba maabara za shule za tuXlab huko Afrika Kusini na zile za SchoolNet Namibia miaka ya 2000. Mwaka 2019 LTSP iliandikwa upya chini ya Alkis Georgopoulos wa Ugiriki, na hadi leo inawasha mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa.

Sasa safari yenyewe. Kompyuta inapowaka bila diski, programu ndogo iliyo ndani ya kadi ya mtandao, PXE, hupiga hodi kwa DHCP: anwani yangu ni ipi, na faili la kuwashia nilichukue wapi? Ikijibiwa, hulichukua faili hilo kwa TFTP. Itifaki hiyo ni ya mwaka 1981, ikarekebishwa 1992, nayo PXE 2.1 iliyomo kwenye kadi nyingi kuukuu ni ya 1999. TFTP hutuma kipande kimoja cha baiti 512, kisha husimama kungoja risiti. Ni kama mchukuzi anayeshusha ndagala mtumbwini kwa beseni moja moja, asiyerudi kuchukua la pili mpaka mnunuzi amwambie kwamba la kwanza limefika.

Gawanya megabaiti 50 kwa baiti 512: ni safari 97,656. Kwenda na kurudi kukichukua milisekunde 1, makadirio ambayo kadi ya zamani haitayalalamikia, mzigo unafika kwa sekunde 98. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde ungeupitisha mzigo huohuo kwa sekunde 4 na kidogo. Maana yake ni kwamba karibu asilimia 95 ya muda waya umekaa bure ukingoja risiti.

Lipo jambo la pili, nalo ndilo hasa linalofanya mashine zihukumiwe kimakosa. Kila kipande cha TFTP hupewa namba, na namba hiyo ina biti 16 tu, kwa hiyo mwisho wake ni 65,535. Zidisha kwa 512 upate baiti 33,553,920, yaani megabaiti 33.5. Kerneli yetu ya megabaiti 8 inapita bila shida. Initrd ya megabaiti 42 ina vipande 82,032, kwa hiyo ikifika kama asilimia 80 ya safari namba zinaisha. Programu nyingine huanza tena kuhesabu kutoka sifuri na kazi ikaendelea. Nyingine husimama hapohapo. Dalili yake ni ya wazi kwa anayeijua: mashine inaganda mahali palepale, kila siku, hata ukibadilisha waya, hata ukibadilisha tundu la swichi. Ukiona hivyo, weka koleo chini, upime ukubwa wa faili.

Dawa ya kwanza ni kukuza kipande. Tangu 1995 TFTP inaruhusu pande mbili kukubaliana ukubwa mwingine, na kinachoenea katika pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 ni kipande cha 1,468. Safari zinashuka hadi 34,060, muda unakuwa sekunde 34, na kimo cha faili kinapanda hadi megabaiti 96. Dawa ya pili ina nguvu zaidi: tumia TFTP kuleta faili dogo tu la iPXE, lisilofika kilobaiti 100, ambalo hata kwa vipande vya 512 ni safari chini ya 200. iPXE ikishaamka, inavuta kerneli na initrd kwa HTTP, ambayo haisimami kungoja risiti ya kila kipande. Tahadhari moja: iPXE nayo ikiamka huuliza DHCP, na seva isiyojua kutofautisha huipa tena jina la faili la iPXE, nayo huileta, huamka, huuliza, bila mwisho. Seva iambiwe kwamba anayeuliza akiwa iPXE, apewe jina la faili la maelekezo badala yake. Katika dnsmasq, programu ya seva inayojibu DHCP, ni mistari miwili.

Hadi hapo ni mashine moja. Zikiwa 20 hesabu inageuka, na hapa ndipo mafundi wazuri hukata tamaa.

Mashine 20 mara megabaiti 50 ni gigabaiti 1, sawa na megabiti 8,000. Seva ikiwa na kadi ya megabiti 100, na ukitoa baiti za bahasha za pakiti, mzigo huo hauwezi kuisha chini ya sekunde 85. Sasa linganisha. Ile TFTP ya kusuasua, mashine 20 zikivuta kwa pamoja kipande kimoja kila milisekunde, inajaza megabiti 93 kwa sekunde, yaani karibu njia yote ya seva. Inamaliza kwa sekunde 98. Fundi amehangaika wiki nzima kuhamia HTTP, amewasha chumba kizima, ameokoa sekunde 13. Mwenzake ameacha TFTP ilivyo, akatafuta kadi ya gigabiti na swichi yenye tundu la gigabiti kwa ajili ya seva. Amewasha, sekunde 98 zilezile, kwa sababu kila mashine bado inangoja risiti zake. Kila mmoja anaondoka akiamini kwamba dawa yake haifai na kwamba mashine ni mbovu. Ziunganishe dawa mbili, HTTP pamoja na gigabiti upande wa seva, na chumba kizima kinapata kerneli yake kwa sekunde 9 hivi, wakati mashine zenyewe bado zina kadi za megabiti 100 za tangu enzi.

Kisha kerneli ikishaamka inahitaji mfumo wenyewe: faili za programu, fonti, mazingira ya dawati. Tuseme kila mashine inasoma megabaiti 250 kutoka seva mpaka mtumiaji aone dawati. Mara 20 ni gigabaiti 5. Kwa seva ya megabiti 100 ni sekunde 425. Kwa gigabiti ni 43. Jumlisha hatua zote mbili. Bila kugusa kitu: sekunde 523, karibu dakika 9, ambazo katika kipindi cha dakika 45 ni karibu moja ya tano ya kipindi. HTTP peke yake: 510. Gigabiti peke yake: 141. Zote mbili: 52. Kwa mwenye fedha za kitu kimoja tu, jibu liko kwenye mistari hiyo: gigabiti ya seva kwanza, HTTP baadaye, nayo HTTP haiuzwi.

Seva haihitaji diski ya kasi kama wengi wanavyodhani, kwa sababu mashine 20 zinaomba faili zilezile. Ya kwanza ikishasomwa, 19 zinazofuata zinatoka kwenye RAM ya seva. Lakini kama seva nayo ni kuukuu na kadi ya gigabiti imechomekwa kwenye tundu la PCI ya kawaida, njia ya ndani ina kikomo cha megabaiti 133 kwa sekunde, na hizo inagawana na vitu vingine. Tafuta seva yenye PCI Express.

Na habu (hub)? Zile za megabiti 10 bado zinapatikana kwenye masanduku ya misaada. Gigabaiti 1 ya kuwashia inachukua sekunde 800, dakika 13 na zaidi, hata kama hakuna pakiti inayogongana na nyingine, na zitagongana. Gigabaiti 5 zinazofuata ni sekunde 4,000. Kipindi kitakuwa kimekwisha, na kinachofuata kinakaribia kwisha.

Upande wa pili kuna swichi za kifahari zilizostaafishwa na ofisi kubwa, na hizo zina mtego wa sekunde 30. Swichi ya namna hiyo, waya ukipata uhai, haifungui njia mara moja: sekunde 15 inasikiliza, 15 nyingine inajifunza, ili kuhakikisha hakuna mzunguko katika mtandao. Wakati huo PXE inapiga hodi mara nne na kungoja sekunde 4, kisha 8, 16, na 32. Hodi zake zinaangukia sekunde ya 0, ya 4, ya 12 na ya 28. Njia inafunguka sekunde ya 30. Zote nne zimepotea, na PXE inakaa kimya hadi sekunde ya 60, kisha inaandika PXE-E51: hakuna aliyejibu. Swichi ya bei ya chini kabisa, isiyo na akili hiyo, ingewasha mashine bila tatizo. Kwenye swichi ya kifahari, iambie kwamba matundu hayo yana kompyuta za mwisho, isizingoje. Kama hujui neno lake la siri, weka swichi ndogo ya kawaida katikati: kwa kuwa waya wa kati ya swichi mbili haufi mashine zinapozimwa, njia inabaki wazi. Kumbuka pia kwamba kadi huamshwa upya mara tatu katika uwakaji mmoja, na PXE, na iPXE, na kerneli. Hata pale ambapo hodi zinapona, unaweza kupoteza sekunde 90 kwa kitu ambacho kinarekebishwa kwa amri moja.

Misimbo ya PXE isomwe kwa makini, maana inaokoa safari za Bujumbura. PXE-E61 ni waya au tundu. PXE-E51 ni DHCP haikusikika. PXE-E53 ni mashine imepata anwani lakini haikutajiwa faili. PXE-E32 ni seva ya TFTP haikuitikia, mara nyingi kwa sababu ya ukuta wa usalama wa seva yenyewe.

PXE-E53 nina neno nayo. Chumba kikipata intaneti, huja na ruta, na ruta hugawa anwani bila kujua habari za mafaili ya kuwashia. Sasa kuna wagawaji wawili. Kuna ROM za zamani zinazochukua jibu la kwanza kufika. Kama wagawaji wana kasi sawa, kila mashine ina nafasi moja kati ya mbili kuangukia kwa asiyejua, na nafasi ya mashine zote 20 kuwaka kwa mara moja ni moja kati ya 1,048,576. Ndiyo maana Jumatatu zinawaka 11, Jumanne 9, na si zilezile. Watu huanza kuzihamisha mashine meza kwa meza. Zima ugawaji wa anwani kwenye ruta, ukae.

Hata mgawaji akiwa mmoja, hesabu anwani zake. PXE hujitambulisha kwa namba ya utambulisho wa mashine, ilhali kerneli inaweza kujitambulisha kwa namba ya kadi. Kwa seva hao ni watu wawili tofauti. Mashine 20 zikichukua anwani mbili au tatu kila moja ni 40 hadi 60. Ukitenga anwani 50 kwa saa 12, ukidhani umeweka akiba zaidi ya maradufu, mashine za mwisho zinaweza kukosa. Tenga 150, na muda uwe saa moja.

Mashine ikipata mzigo wote na bado ikakataa, angalia umri wa kichakataji. Biti 64 zilianza na AMD mwaka 2003, Intel ikafuata 2004, na kuanzia Core 2 ya mwaka 2006 karibu kila kompyuta ya mezani inazo. Isiyo nazo ikipewa kerneli ya biti 64 huandika mstari mmoja wa kukataa na kusimama. Pentium M za mwanzo zina kesi ya peke yao: kerneli nyingi za biti 32 hudai kipengele cha PAE, na zenyewe hazikitangazi, ingawa zinacho; kuna neno la kulazimisha, forcepae. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi na kerneli ya biti 32 za Intel. Debian 13 ya Agosti 2025 haina. Kwa hiyo, kabla ya kupokea msaada wa mashine 20, uliza mwaka wa kichakataji kabla ya kuuliza ukubwa wa diski.

RAM nayo inahesabika. Initrd ya megabaiti 42 imebanwa. Ikifumuliwa tuseme inafika 130. Kwa muda mfupi vyote viwili vimo ndani pamoja na kerneli, karibu megabaiti 200. Mashine ya 256 itapenya kwa shida, ya 128 itakufa njiani, na maneno itakayoandika mara nyingi yatalalamikia mfumo wa faili wakati kisa ni nafasi. Kabla ya kununua RAM, punguza furushi: zana ya Debian inayotengeneza initrd ina chaguo la netboot, linaloacha nje viendeshi vya diski ambazo mashine hizi hazina. Kinachopaswa kubaki ni kiendeshi cha kadi ya mtandao. Wengi hukisahau, wakidhani mtandao uliokwisha kuleta kerneli utaendelea wenyewe. Ule ulikuwa wa ROM, na Linux inauanza upya.

Kwa anayetaka programu ziendeshwe seva na mashine ziwe madirisha tu, maelezo ya zamani ya LTSP yalitoa kanuni: megabaiti 256, kisha 192 kwa kila mtumiaji. Kwa 20 inatoka 4,096 kamili. Vivinjari vya leo vimeivunja kanuni hiyo. Mimi ningeweka gigabaiti 1 kwa kila mtu. Na video msiahidi: skrini ya 1024 kwa 768 yenye biti 24 ni megabaiti 2.36 kwa picha moja, na picha 10 kwa sekunde bila kubanwa ni megabiti 189, karibu mara mbili ya waya wa mashine.

Sasa kibodi. Mashine zikikwama, fundi huandika amri kwa mkono kwenye kidokezo cha iPXE, na hatua hiyo kwa kawaida inajua mpangilio wa Kiingereza cha Marekani tu. Kwenye kibodi ya Kifaransa, akiandika vmlinuz, jina la faili la kerneli, skrini inaonyesha v;linuw. Akiandika 192.168 kwa kushikilia Shift, kama kibodi hiyo inavyodai kwa tarakimu, anapata !(@<!^*. Faili halipatikani, na fundi anaamini seva imelipoteza. Atumie tarakimu bila Shift, au aazime kibodi ya upande wa Kagunga.

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika chumba hiki ni betri ya CR2032, ile ya duara, volti 3, iliyo kwenye ubao mama. Katika mashine ya miaka 20 imekwisha kufa, isipokuwa kama kuna aliyeibadilisha. Umeme ukikatika, mashine inasahau kwamba iliambiwa iwake kwa mtandao, inarudi kutafuta diski isiyokuwepo, au inasimama na kudai mtu abonyeze F1. Tena inarudisha kalenda kwenye mwaka wake wa kuzaliwa, na tovuti za HTTPS zinakataliwa kwa sababu vyeti vyake, kwa tarehe hiyo, bado havijaanza kutumika. Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, mtu anazunguka meza 20 mara tatu. Nunua betri 20, na uzibadilishe zote kwa siku moja.

Baada ya yote hayo mashine zinawaka, na bili kubwa ndipo inapoanza. Husemwa kwamba kuondoa diski kunaokoa umeme. Diski ya mezani ni kama wati 7; kwa 20 ni 140. Kasha la zama za Pentium 4 tuseme ni wati 90, na skrini ya kioo kizito wati 80: chumba kizima wati 3,400. Diski ni asilimia 4 ya hizo. Kwa saa 4 kwa siku chumba kinakula kilowati-saa 13.6, na jenereta ndogo hula kama nusu lita ya petroli kwa kila kilowati-saa. Ni lita 6.8 kila siku ya masomo, katika nchi iliyopitia miaka ya uhaba mkali wa petroli. Bei kwa faranga siiandiki, kwa kuwa ya leo haitakuwa ya wiki ijayo; zidisha mwenyewe.

Badilisha skrini tu, uweke bapa za wati 20, na matumizi yanashuka hadi kilowati-saa 8.8, lita 4.4. Kwa siku 20 za masomo umeokoa lita 48 kwa mwezi bila kugusa kasha hata moja. Hapo ningeanzia. Kwa jua, ukichukua saa 4.5 za jua kali kwa siku na kupoteza robo njiani, skrini nzito zinadai paneli za kilowati 4, skrini bapa 2.6. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 yenye skrini bapa, tuseme wati 25 kwa pamoja, inadai kilowati-saa 2 kwa siku na paneli za wati 600 hivi. Hiyo ndiyo sababu mradi wa Powering Potential, uliofanya kazi na shule za Karatu, Tanzania, uliingia kwenye Raspberry Pi na umeme wa jua.

Kwa hiyo mashine kuukuu, ambayo nimeitetea kwa kurasa zote hizi, inashindwa hapa: palipo na umeme wa gridi inastahili kubaki mpaka ivunjike; palipo na jenereta, tofauti ya lita 3.4 kwa siku kati yake, hata ikiwa na skrini bapa, na Raspberry Pi, yaani lita 68 kwa mwezi, itakula bei ya kompyuta ndogo 20 muda usio mrefu. Hata hivyo chumba hakianzi upya. Raspberry Pi 3 nayo inawaka kwa mtandao tangu 2016, kwa DHCP na TFTP zilezile, ingawa nyingine huhitaji kadi ya SD yenye faili moja tu, bootcode.bin, kwa sababu ROM yake ya mwanzo ina kasoro. Swichi, tundu la gigabiti na seva vinabaki. Dnsmasq inaongezewa mistari michache, na meza ya kwanza inaweza kubadilishwa wiki hii, ya ishirini mwakani.